Wenzangu wanaondoka mmoja mmoja: je, nami niondoke?

SWALI: Mshauri, nimefanya kazi miaka 3 katika kampuni ambayo siku hizi siielewi. Katika idara yetu ya watu 14, wenzangu 9 wameacha kazi ndani ya miezi 18, na droo ya meza niliyohamishiwa mwezi uliopita bado ina vitambulisho vya watu 2 walioitumia kabla yangu. Mkuu wetu hutoa agizo asubuhi na kulikana jioni. Kila anayeondoka, kazi zake huongezwa kwangu bila hata barua. Je, nivumilie au niache kazi?

JIBU: Ndugu msomaji, watu 9 kwa miezi 18 ni sawa na watu 6 kwa mwaka, yaani zaidi ya asilimia 40 ya idara, na kwa kiwango hicho hatuwezi tena kuwalaumu walioondoka. Hata hivyo, hesabu hiyo peke yake isikuamulie. Tazama kinachofuata baada ya mtu kuaga: je, kuna anayemwuliza sababu kabla hajarudisha funguo, na nafasi yake hutangazwa, au kazi zake hugawiwa kimyakimya? Kwa maelezo yako, huko kwenu hugawiwa, ndiyo maana wanafuatana. Kila anayetoka humwachia aliyebaki mzigo utakaomtoa naye.

Kuhusu mkuu wako, mtu anayekana maneno yake hawezekani kwa mabishano. Akikuagiza jambo kwa mdomo, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo, fupi na yenye adabu: “Kama ulivyoelekeza, naanza na ripoti ya mauzo, na orodha ya wateja nitaikamilisha Ijumaa, kukiwa na mabadiliko, naomba unijulishe.” Asipojibu, unabaki na kumbukumbu, akijibu, umepata agizo lisilogeuka jioni. Fanya vivyo hivyo kwa kazi ulizorithi: zitaje moja moja, kisha umwombe achague zipi zisubiri. Sikuahidi kwamba atabadilika, maana wakuu wa aina hii aghalabu huanza kusikiliza wakishaishiwa watu wa kulaumu.

Miezi 3 ya kujaribu hivyo inatosha. Usipoona nafuu, tafuta kazi nyingine ukiwa bado kazini, kwa kuwa mwenye mshahara ana uwezo wa kukataa masharti mabaya. Kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, soma kifungu cha notisi katika mkataba wako, na uhesabu siku za likizo ulizokosa kwa kuziba mapengo ya wenzako. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka anayeacha kazi baada ya kutimiza muda wa chini uliowekwa apewe likizo inayolingana na utumishi wake, au alipwe badala yake. Utaratibu kamili utaukuta katika sheria ya kazi ya nchi yako.

Siku ya mwisho, kabidhi kazi kwa maandishi, faili kwa faili, na upate saini ya anayepokea. Kitambulisho chako nacho usikiache kwenye droo: kirudishe, uandikiwe kwamba umekirudisha.