Net ikikata anzia chini, kwa nyie mnaoingia IT

Wadogo zangu mnaoanza kazi za IT, mtu akikupigia akasema "net hakuna" jua bado hajakwambia kitu. Inawezekana waya umechomoka, au net ipo tu ila mfumo wa malipo ndo umelala. Muulize kwanza, ni wewe peke yako au ofisi nzima? Kuna chochote kinafunguka? Kabla ya kukata kuna kitu kilihamishwa? Usikimbilie kurestati ruta, ukirestati unafuta na ushahidi.

Halafu anzia chini. Taa ya poti kwenye swichi inawaka? Haiwaki, hangaika na waya, na kebo ya shaba mwisho wake mita 100, kuna majengo wamevuta kupita hapo halafu ruta inalaumiwa bure. Ikiwaka, angalia anwani ya IP ya mashine. Ukikuta inaanza na 169.254 maana yake mashine imeomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za IP kwa mashine) haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ila ukikuta nyie mnatumia 10.0.5 na yeye ana 192.168.1, hapo mara nyingi kuna mtu kaleta ruta ya nyumbani kachomeka ukutani apate waifai nzuri, sasa hiyo ruta inagawa anwani kwa kila anayeomba. Hii inatesa kweli maana huyu inampata na jirani yake haimpati, unaweza kuzunguka kutwa nzima. Kwenye mashine iliyoathirika andika arp -a, chukua MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya hiyo geti ngeni, yaani ile ruta ya kutokea nje, ingia kwenye swichi utafute iko poti gani, zima hiyo poti, alafu nenda ukaongee na mhusika kistaarabu, usimuaibishe mbele ya watu, kesho atakuficha. Na kama swichi zenu zina DHCP snooping iwasheni jamani, kazi yake ndo hiyo, kuzuia ruta ngeni isigawe anwani.

Anwani ikiwa sawa, piga ping (jaribu kama kinajibu) geti yenu, kisha 8.8.8.8 (seva ya Google iliyo nje), kisha jina la tovuti. Namba inajibu jina halijibu, hiyo ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP. Msiidharau DNS, tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea dunia nzima kama masaa 6 hivi, amri moja ya matengenezo iliangusha mtandao wao wa ndani, seva zao za DNS zikajiondoa kwenye intaneti, data zipo salama ila hakuna anayejua njia ya kuzifikia.

Geti inajibu na nje kimya? Piga simu kwa wanaowauzia intaneti kabla hujagusa kitu. Mwezi Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania na Kenya net ilisuasua siku kadhaa, hapo hata ungebadilisha ruta zote usingepata kitu.

Ukishajua pa kugusa, badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndo uende kingine. Na kama unagusa ruta ya Cisco iliyo tawi la mbali, hifadhi konfigi kwanza, kisha andika reload in 10. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 inajiwasha upya na konfigi ya zamani, mambo yakienda vizuri unaandika reload cancel halafu ndo unasevu mpya.