Anzia Ukutani: Niliyojifunza kwa Kuwafyekea Wazee Wasiojiweza

Nyumba ya kwanza tuliyokwenda kusaidia kuikinga na moto wa nyika tuliiacha katika hali mbaya kuliko tulivyoikuta, na tuliondoka tukijipongeza.

Tulikuwa watu sita, tuna mapanga, mafyekeo na msumeno mmoja wa mnyororo. Mwenye nyumba alikuwa bibi aliyevuka miaka 80, akiishi peke yake ukingoni mwa pori. Tulianzia mbali, kule vichaka vilikoshonana, kwa kuwa akili ilituambia moto utatokea huko. Tukafyeka tangu alfajiri hadi jua la utosi. Matawi yote tukayakokota na kuyarundika nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, tukiahidi kuja kuyabeba wiki inayofuata. Wiki ikawa mwezi. Matawi yale mabichi yakakauka, yakawa kuni safi kabisa chini ya dirisha la chumba anacholala. Isitoshe, tulikuwa tumekata mti wa maua uliokuwa karibu na mlango wa uani bila kumuuliza. Marehemu mumewe ndiye aliyeupanda. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Na ule nao ulikuwa na kosa gani, mwanangu?"

Makosa yote mawili, la moto na la mti, yalitokana na kutomsikiliza mtu wala kuitazama nyumba yake. Tulikuwa tumekuja kupigana na pori.

Wengi wetu tunaufikiria moto wa nyika kama ukuta wa ndimi unaokuja na kuigonga nyumba. Mara nyingi sivyo. Nyumba nyingi huwashwa na cheche na vijinga vinavyobebwa na upepo, ambavyo vinaweza kuruka zaidi ya kilomita moja mbele ya moto wenyewe. Kijinga kimoja hutua kwenye mfereji wa paa uliojaa majani makavu, au kwenye zulia la kufutia miguu, au hupenya tundu la hewa na kuingia darini. Novemba 2018 moto ulipouteketeza mji wa Paradise huko California, picha zilizopigwa baadaye zilionyesha nyumba zilizogeuka majivu huku miti iliyosimama jirani nazo ikiwa bado ina majani ya kijani. Watu 85 walikufa katika moto ule, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 65. Ndiyo sababu nasema wa kuanza nao ni wazee.

Kuna mtafiti aliyekuwa wa idara ya misitu ya Marekani, Jack Cohen, aliyeshiriki majaribio kaskazini mwa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1990. Walisimamisha kuta za mbao mbele ya msitu, kisha wakauwasha msitu hadi ukawaka vileleni. Kuta zilizokuwa umbali wa mita 10 ziliwaka katika baadhi ya majaribio, si yote. Zile za mita 30 hazikuwaka, wala hazikuungua hata juujuu. Niliposoma hayo nililikumbuka jua la siku ile na mgongo wangu uliouma wiki nzima. Tulikuwa tumepoteza nguvu kwenye mita ya 40 na kuiacha mita ya kwanza.

Kwa hiyo sasa tunaanzia ukutani. Mita moja na nusu ya kwanza kuzunguka nyumba isiwe na kitu kinachoshika moto: kokoto, saruji au udongo mtupu ndivyo vibaki hapo. Kabla panga halijatolewa kwenye gari, tunafanya kazi ya ufagio na reki. Majani kwenye mifereji ya paa na kwenye makutano ya paa na ukuta. Takataka chini ya baraza la mbao, mahali ambapo mzee hajaweza kuinama miaka kumi. Viti vya plastiki, maboksi, rundo la magazeti ya zamani, mtambaazi unaopanda hadi kwenye papi. Kuni zihamishwe angalau mita 9 kutoka kwenye nyumba, na ikiwa kuna mteremko zisiwekwe upande wa chini. Matundu ya hewa yazibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3.

Haina sifa kazi hii. Kila kundi lina kijana mmoja anayekuja na msumeno wa mnyororo na hamu kubwa ya kuutumia. Mpe reki kwanza.

Ukishamaliza hapo ndipo usogee nje, hadi mita 9 hivi. Nyasi zikatwe zibaki kama sentimita 10. Si lazima kung'oa kila kitu, maana udongo mtupu kwenye mteremko utachukuliwa na mvua ya kwanza. Kinachotakiwa ni kuunyima moto ngazi: pogoa matawi ya chini ya mti hadi kama mita mbili kutoka ardhini, na ondoa kichaka kilichojificha chini yake. Mti mfupi usipogolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake, la sivyo utakufa na kuwa kuni uliyoitengeneza mwenyewe. Kutoka hapo hadi mita 30 ni kupunguza tu, kutenganisha kichaka na kichaka. Nyumba ikiwa juu ya mteremko, nenda mbali zaidi upande wa chini. Wazima moto wa Australia wana kanuni yao ya kukadiria: kila nyuzi 10 za mwinuko zikiongezeka, mwendo wa moto unaopanda huongezeka mara mbili.

Hayo ya kukata mtu yeyote atakufundisha. Kilichonichukua muda mrefu kujifunza ni mwenye nyumba.

Mzee ambaye uwanja wake umegeuka pori anajua kuwa umegeuka pori. Anautazama kila asubuhi. Pengine ameshapokea barua ya onyo la faini, na jirani ameshamwambia maneno. Ukifika na watu sita wenye mapanga na kusema "tumekuja kukusaidia," anachosikia ni kwamba ameshindwa. Nimewahi kufukuzwa na mzee mmoja aliyetembea kwa magongo mawili. Alisema hahitaji huruma ya mtu. Nilirudi baada ya siku chache peke yangu, nikamuomba anionyeshe maji ya uwanja wake huelekea wapi wakati wa mvua. Tukazunguka polepole, saa nzima. Aliijua ardhi ile kuliko ramani yoyote: upepo wa kiangazi unatokea wapi, nyasi zipi hukauka mwanzo. Mwishoni yeye ndiye aliyesema, "Basi njooni, lakini nitawaelekeza."

Tangu hapo tuna utaratibu wa vitambaa. Siku moja kabla ya kazi tunampa mwenye nyumba vipande vyekundu na vyeupe. Chekundu tunakata, cheupe hatugusi. Asiyeweza kutembea anatuelekeza akiwa kwenye kiti, asiyeona vizuri tunamtajia mti mmoja mmoja. Wakati mwingine kitambaa cheupe kinafungwa kwenye mti ambao kwa kweli ungepaswa kuondoka. Hapo tunajadiliana: tuupogoe? tufagie chini yake kila wiki? Mara nyingi njia hupatikana. Na pale isipopatikana, mti ni wake. Kuna wenzangu wasiokubaliana nami katika hili, wanasema moto haubembelezi. Ni kweli. Lakini mwenye nyumba aliyelazimishwa hatakufungulia mlango mwaka ujao, na nyasi zitaota tena.

Tunaandika pia tulichokubaliana kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, anabaki nayo. Yote yasemwe mapema, hasa kwamba ni bure. Wazee wengi wamewahi kulaghaiwa na mafundi wa kubisha hodi, wana haki ya kutuogopa. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, au mpaka una ubishi, mtafute mmiliki na jirani kabla, si baada.

Kuhusu taka: usikate usichoweza kubeba siku hiyo hiyo. Kanuni hii ilitoka kwenye lile rundo la dirishani, na sasa tunapanga kazi kwa ukubwa wa gari la kubebea. Nusu ya watu wanakata, nusu wanabeba. Kuchoma taka papo hapo katika kiangazi ndiyo njia rahisi ya kuuleta moto uliokuja kuuzuia.

Zana nazo huwasha moto. Upanga wa mashine ya kufyekea ukigonga jiwe hutoa cheche, na bomba la moshi lenye joto likilazwa kwenye nyasi kavu litaziwasha. Tunafanya kazi asubuhi na mapema wakati bado kuna umande, ndoo za maji na koleo zikiwa karibu, na siku ya upepo mkali tunaahirisha hata kama watu wameshafika. Miwani, glavu na buti kwa kila mtu. Mti uliogusana na nyaya za umeme hatuusogelei kabisa. Tunalipigia simu shirika la umeme kwa niaba ya mzee na kufuatilia hadi waje.

Ukiwa hapo, uliza na jambo la pili: siku ya kuhama kuukimbia moto atatokaje? Nani atampigia, gari la nani, dawa ziko wapi, lango linafunguka umeme ukikatika? Ureno, baada ya moto wa Pedrógão Grande kuua watu 66 Juni 2017, ilianzisha mpango ambamo kila kijiji kinapata mkazi mmoja wa kuangalia wenzake na kusaidia wakati wa kuhama. Sisi tunafanya kidogo: jina la mtu mmoja na namba yake, vinabandikwa ukutani karibu na simu.

Kwa yule bibi wa kwanza nilirudi kulibeba rundo, na nimekuwa nikirudi kila baada ya miezi mitatu. Mwaka wa kwanza hakuniambia mengi. Safari hii nilimkuta amesimama barazani na kitambaa cheupe mkononi. Kisiki cha ule mti wa mlangoni kilikuwa kimechipua, vijiti vitatu vyembamba. Ni ndani ya mita moja na nusu, sote wawili tunajua. Tulivichimbua pamoja na mizizi, tukavipeleka mwisho wa uwanja, akanionyesha mahali pa kuchimba shimo.