Maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe: jibu kwa binti yangu

Mwanangu Safia,

Wa aleikum salaam. Sisi huku Bombo hatujambo. Unaniuliza kama kweli maziwa ya mbuzi yanayashinda ya ng'ombe, kwa kuwa yule muuzaji wa hapo Ntinda anayauza ghali akisema ni dawa, na mjukuu wangu tangu aanze uji wa maziwa anatoka vipele na kutapika.

Nianze na mtoto, maana hapo sitaki mchezo. Vipele na kutapika kila akinywa maziwa huenda ni mzio, na mzio huo huletwa na protini. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana mno. Mtoto anayedhurika na moja kwa kawaida hudhurika na nyingine pia. Kwa hiyo usimjaribishie. Mpeleke kwa daktari, endelea kumnyonyesha, na uji wake upike kwa maji. Hata asingekuwa na mzio, hajatimiza mwaka, na maziwa ya mnyama yeyote hayawezi kushika nafasi ya ziwa lako. Tena ya mbuzi yana asidi ya foliki kidogo sana, ile ya vidonge ulivyomeza ukiwa na mimba yake. Wako watoto wachanga waliolelewa kwa maziwa hayo peke yake wakaishiwa damu.

Mkwe wangu ana lake. Tumbo kuunguruma baada ya chai, bila vipele wala nini, hiyo naidhania laktosi, yaani sukari ya maziwa. Ya ng'ombe yana kama gramu 4.8 katika kila gramu 100, ya mbuzi kama 4.4. Kwenye kikombe kimoja tofauti hiyo ni nini? Mpe mtindi, maana vijidudu vinavyougandisha vimeshakula sehemu ya sukari hiyo.

Sisemi mbuzi hana sifa. Mafuta ya maziwa yake ni vitone vidogo vidogo, na maziwa yenyewe yakiganda tumboni huwa laini, ndiyo maana wengi husema ni mepesi. Kalsiamu anamzidi ng'ombe kidogo. Kwenye vitamini B12 ng'ombe anamwacha mbali.

Sasa ladha, hapo ndipo watu wanapomwonea mbuzi. Anayelalamika kwamba yananuka, mara nyingi amekunywa ya mbuzi anayelala na beberu. Unamjua beberu: hujikojolea ndevu akijiona bwana harusi, na harufu yake hushika kila kitu. Wangu namfunga nyuma ya jiko, mbali na majike. Kiwele nakiosha kwa maji ya vuguvugu na kukikausha, michirizi ya kwanza naimwaga chini, nachuja kwa kitambaa safi, na sufuria inakuwa tayari motoni. Yakikaa juani hata kidogo, harufu yake inapanda. Yakitunzwa hivyo ni matamu, na kwenye chai ya tangawizi mimi nayapenda kuliko ya ng'ombe.

Kwa samli, hapana. Malai yake hayapandi juu kwa urahisi, na samli yake ni nyeupe pe, kwa sababu mbuzi huigeuza karotini, ile rangi ya manjano iliyomo kwenye majani, kuwa vitamini A, wakati ng'ombe huiacha nyingine kwenye mafuta yakawa manjano. Eshabwe, ule mchuzi wa samli wa Ankole, bila samli ya ng'ombe mimi siiletei mkono.

Huyo muuzaji akikuambia kuyachemsha kunaua dawa yake, mwache na debe lake. Brusela, kijidudu kinachopita kwenye maziwa mabichi, haichagui, mbuzi anayo na ng'ombe anayo, na ile homa ya kupanda na kushuka pamoja na viungo kuuma hukaa na mtu miezi. Yachemke mpaka yafure.

Jumamosi nitampa kondakta wa teksi lita mbili, za chai yenu wakubwa tu. Chupa za juzi bado ziko kwako, mpe anirudishie.

Mama yako