Maswali na majibu: Wild Turkey 101 inaniunguza, je, Maker's Mark ndiyo bora?

SWALI: Nimenunua bourbon (wiski ya Kimarekani ya mahindi) mbili za bei ya kati, zinakaribiana bei: Maker's Mark na Wild Turkey 101. Maker's Mark inateremka vizuri, ni tamu na ina vanila. Wild Turkey inaniunguza koo mpaka machozi. Rafiki yangu mmoja anayejiita mjuzi wa wiski anasema inayounguza haikutengenezwa vizuri, na kwamba ile nta nyekundu kwenye shingo ya Maker's Mark haikuwekwa bure. Ipi nzuri zaidi, na ipi inastahili pesa?

JIBU: Kabla hujamsikiliza tena huyo mjuzi, geuza chupa zote mbili usome asilimia ya kileo. Maker's Mark ni 45. Wild Turkey ni 50.5. Hiyo 101 iliyo kwenye jina si umri wala namba ya pipa. Ni kipimo cha Kimarekani cha ukali wa pombe, yaani asilimia mara mbili. Kwa hiyo umeweka mezani vinywaji viwili, kimoja kikali kuliko kingine, halafu ukashangaa kwamba kilicho kikali kimekuunguza.

Rudia hivi. Pima mililita 50 za Wild Turkey, tia mililita 6 za maji yasiyo ya baridi. Sasa iko kwenye asilimia 45 hivi. (Kileo kilichomo kwenye glasi hakijapungua hata tone, kwa hiyo usijidanganye kwamba umekunywa kidogo.) Mimina Maker's Mark kwenye glasi inayofanana na hiyo, mwombe mtu azihamishe usijue ipi ni ipi, kisha nusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi. Usilihukumu. Hukumu la pili.

Maker's Mark hutumia ngano mahali ambapo wengi huweka rai (nafaka jamii ya ngano, kwa Kiingereza "rye"): mahindi asilimia 70, ngano 16, kimea cha shayiri 14. Ngano ni nafaka ya upole, haibishani na mtu, kwa hiyo unachosikia ni utamu wa mahindi na kazi ya pipa: karameli, vanila, harufu ya mkate unaotoka tanuri. Inamalizika mapema na kwa adabu. Wild Turkey ni mahindi 75, rai 13, kimea 12, na mapipa yake huchomwa ndani mpaka ubao unapasuka kama ngozi ya mamba. Humo unapata sukari iliyoungua, maganda ya chungwa na mdalasini, kisha pilipili manga inayobaki ulimini hata baada ya moto kuondoka. Hiyo pilipili ni ladha, inatoka kwenye rai. Moto uliokutoa machozi ni kitu kingine kabisa, nao ndio uliomchanganya rafiki yako.

Kileo hakiunguzi kwa sababu ni kichafu. Mdomoni na kooni tuna vipokezi vya neva vinavyotoa taarifa ya moto joto likifika takriban nyuzi 42, vilevile ambavyo pilipili huviamsha. Kileo hushusha kizingiti hicho hadi nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili wako mwenyewe. Unachohisi kinaungua ni joto lako. Kileo kikizidi, hisia hiyo inazidi, hata kama mtambo uliendeshwa na fundi bora kuliko wote. Makosa ya mtambo yapo kweli, ila hayo hujitangaza puani kabla hujaonja: harufu ya gundi, ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, ya kabichi iliyochemka kupita kiasi. Nusa Wild Turkey yako. Kama hakuna harufu hizo, huyo mjuzi amekosa ushahidi.

Ninapofundisha wahudumu wa baa huwa namimina wiski moja ile ile kwenye glasi mbili, moja naitia maji kidogo bila kuwaambia. Kila darasa, wengi huniambia iliyotiwa maji ni ya miaka mingi zaidi na ya bei ghali. Neno "laini" limewaharibu. Kama ulaini ungekuwa ubora, njia rahisi ya kutengeneza wiski bora duniani ingekuwa bomba la maji.

Na maji ndiyo yanatuleta kwenye pesa. Chupa ya mililita 750 ya Wild Turkey 101, ukiishusha kwa maji mpaka 45, inakupa takriban mililita 842. Hizo ni takriban mililita 92 zaidi ya chupa ya Maker's Mark ya ujazo huo huo. Maana yake Wild Turkey inaweza kuizidi bei kwa asilimia 12 na bado ukawa hujapunjwa. Tena usidhani hesabu hii ni ubahili wangu tu. Februari 2013, wiski ilipokuwa haitoshi wanunuzi, Maker's Mark wenyewe walitangaza kushusha kileo kutoka 45 hadi 42 ili akiba ienee. Wateja wakapiga kelele, na ndani ya siku chache wakarudisha 45. Watengenezaji wanajua vizuri sana thamani ya maji.

Nta ni wazo la Margie Samuels, mke wa mwanzilishi, na chupa huchovywa kwa mkono. Inapendeza. Haigusi kilichomo ndani.

Uamuzi wangu: kwa bei sawa, Wild Turkey. Inavumilia barafu, inavumilia kuchanganywa, na ukiitaka ya upole unaishusha mwenyewe mpaka unapopenda. Maker's Mark huwezi kuipandisha. Lakini kama unakunywa kavu, polepole, na pilipili ya rai huipendi, baki na Maker's Mark yako bila aibu. Umri usikusumbue. Zote mbili ni bourbon za daraja la "straight", na kwa sheria ya Marekani wiski ya daraja hilo isiyotaja umri kwenye lebo haiko chini ya miaka 4.

Wiski zako mbili ni salama, tatizo ni kanuni ya huyo rafiki yako. Kila wiki naletewa toleo lake jingine: inayounguza ni bandia, inayoteremka ni halali, itikise uone povu, imimine kijikoni uiwashe, ikitoa moto wa buluu ni safi. Wapo wanaolipwa kufundisha upuuzi huu. Anayechakachua pombe anaijua kanuni hiyo kuliko wewe. Anatia sukari, anatia gliserini, anapunguza kileo, na chupa yake inateremka kama asali. Povu linakuonyesha tu kwamba kileo kipo kwa wingi, halikuambii ni kileo gani. Methanoli, ile inayopofusha na kuua, ulimi hauwezi kuitofautisha na kileo cha kawaida ikichanganywa humo, na moto wa kijikoni hauwezi pia.

Kinachosaidia ni muuzaji unayemjua, kizibo ambacho hakijafunguliwa, lebo isiyobanduka pembeni, na bei isiyo ya miujiza. Mtu akinywa kitu cha mashaka, halafu kesho yake, pombe ikiwa imeshatoka kichwani, akaanza kuona ukungu au vitu vyeupe kama theluji, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na chupa iende naye. Asisubiri ipite kama uchovu wa jana.