Barua kwa mwanangu: ulishike hilo bango au usilishike

Neema mwanangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Umeniuliza kama wewe Mtanzania uende kupigwa picha na wenzako weusi wa Kimarekani, kila mtu kashika bango lenye maneno ya kibaguzi aliyowahi kuambiwa hapo chuoni, kama walivyofanya wale wa Harvard 2014, wa Oxford nao wakaiga mwaka huohuo. Unasema hiyo historia ya weusi wa Kimarekani si yenu Watanzania. Sawa, nitafika huko.

Kwanza nikwambie ya kwangu, baba yako kashachoka kuisikia. Mwaka wa kwanza kule Massachusetts profesa alinirudishia insha haina maksi, pembeni kaandika "nani kakusaidia?" Eti Kiingereza kimenyooka mno. Akanikalisha ofisini kwake niandike nyingine huku ananiangalia, mlango wazi, watu wanapita koridoni wananichungulia kama mwizi. Nikaandika. Nikapata A, samahani hata ya kuzugia hakuna. Mpaka leo nikiosha vyombo huwa namjibu yule mzee. Sasa sikiliza, rafiki yangu wa Alabama, mweusi wa Kimarekani, naye aliulizwa hivyohivyo na huyohuyo. Hakuna aliyetaka kuona pasipoti zetu.

Ndiyo maana nasema kila siku, andika na uweke tarehe. Du Bois, yule msomi mweusi wa Kimarekani, aliingia Harvard 1888, akapata shahada ya udaktari (PhD) 1895, mweusi wa kwanza kuipata pale, na kwamba alipanga chumba nje ya chuo tunajua kwa sababu kaandika mwenyewe. 1922 rais wa chuo, Lowell, akawakatalia weusi mabweni ya mwaka wa kwanza, wahitimu wakapiga kelele na kuandika mpaka 1923 bodi ikaufuta uamuzi. Wasingeandika, leo tungeambiwa weusi walipenda wenyewe kupanga mtaani!

Ila hapohapo najibishana. Wenzako wengine mababu zao waliuzwa, chuo cha Georgetown kiliendelea kwa pesa za watu 272 waliouzwa na mapadri 1838, bibi yako wakati wote alikuwa Moshi na kahawa yake. Ukienda kusimama katikati ya picha ukawaziba wao, sitapenda. Na ukikaa pembeni unasema "mimi si wa hapa", lo, yule profesa angefurahi huyo.

Baba yako kaniambia nisikuamulie. Haya, sikuamulii. Ila ukienda vaa blauzi ya bluu, ile ya maua inakuzeesha, na bango uandike herufi kubwa, mwandiko wako tunaujua.

Mama