Kwa Mgeni wa Vilima vya Nice: Hesabu Mita za Kupanda, Si Kilomita

Karibu kila mtu anayehamia Nice, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, na baiskeli yake huniuliza kwanza aendeshe kilomita ngapi mwishoni mwa wiki, na jibu langu humkera: kilomita za huko alikotoka hazimsaidii kitu huku. Milima ya Alps inashuka mpaka ukingoni mwa bahari ya Mediterania, kiasi kwamba mtu anaweza kuanza safari akisikia mawimbi ya Promenade des Anglais, barabara ya ufukweni mjini humo, na baada ya saa moja akawa mita mia tano juu, bahari ile ile ikiwa chini ya miguu yake. Njia tambarare ni chache, nazo zimejaa magari. Kwa hiyo ajizoeze tangu siku ya kwanza kusoma ramani kwa mita za kupanda, kwa sababu muda, gia, chakula, mavazi na hata namna ya kurudi nyumbani vyote hutokana na hesabu hiyo.

Chukua njia ambayo wenyeji wengi huiona ya kawaida: Nice, L'Escarène, Col de Braus ("col" ni mahali barabara inapovuka mlima), Sospel, Col de Castillon, kisha Menton. Ni kama kilomita 60, umbali ambao kijana wa Tanga mwenye mazoezi ataumaliza chai ya saa nne haijapoa. Sasa hesabu mita. Kutoka ufukweni hadi kilele cha Braus ni mita 1,002. Unashuka hadi Sospel, mji ulio kwenye mita 350 hivi. Unapanda tena hadi Castillon, mita 706. Jumla inapita mita 1,350 kabla hujaongeza vipando vidogo vya njiani. Mtu mwenye afya ambaye hajazoea milima hupanda mita 500 hadi 600 kwa saa bila kujiumiza, maana yake kupanda peke yake kutamchukua zaidi ya saa mbili. Mara yangu ya kwanza niliaga kwamba ningerudi kula mchana. Nilirudi jua likizama.

Kuhusu gia, usione haya kuomba nyepesi. Gia ya mbele yenye meno 34 ikikutana na ya nyuma yenye meno 34, kila mzunguko wa pedeli unazungusha gurudumu mara moja, yaani mita 2 na kidogo, na ukiwa kwenye mwinuko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilomita 7.6 kwa saa, miguu inazunguka mara 60 kwa dakika, jambo ambalo magoti yanalistahimili. Baiskeli ya mbio ya zamani yenye meno 39 mbele na 25 nyuma, kwa mwendo huo huo, itakulazimisha kukanyaga mara 39 tu kwa dakika, kila kanyago ikiwa kama kupanda ngazi na gunia la mchele begani. Fundi anaweza kukushawishi kwamba miguu itazoea. Miguu huzoea, magoti hayazoei.

Ugonjwa mwingine wa wageni ni kufukuzia muda wa mabingwa. Kutoka Menton kuna kipando cha Col de la Madone, kinachopitia Sainte-Agnès na kufika mita 925 hivi baada ya kilomita kama 13, ambako waendesha baiskeli wa kulipwa wanaoishi Monaco wamekuwa wakipimia nguvu zao kwa miaka mingi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushindana kwanza chini ya bendera ya Kenya, alikuwa mmoja wao, na kwa ajili yake Waafrika Mashariki wengi wanataka kuanzia hapo. Anzia Col d'Èze badala yake. Kutoka Nice ni kilomita kama kumi kwa barabara ya Grande Corniche hadi mita 507, na sehemu kali iko mwanzoni, wakati bado una nguvu za kujidanganya nazo. Kipimo changu ni cha mdomoni: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, endelea, ukianza kujibu kwa neno moja moja, punguza. Anayepita kilomita mbili za kwanza kwa hasira mara nyingi utamkuta mbele amesimama ukingoni, akijifanya anapiga picha.

Hata hivyo, kupanda hakujamvunja mtu mfupa. Kushuka ndiko kunakohitaji darasa. Mimi nilijifunza milima kwenye barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, nikiendesha kushoto, kwa baiskeli ambayo mkono wa kulia ulishika breki ya mbele. Ufaransa watu huendesha kulia, na kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Nililijua hilo kichwani, lakini vidole havikuwa na habari. Asubuhi moja ya Novemba, nikishuka kutoka kijiji cha La Turbie, niliingia kwenye kona yenye kivuli ambako jua lilikuwa halijafika na majani yalikuwa bado yamelowa. Nilitaka kugusa breki ya nyuma polepole, mkono wa kushoto ukajibu kwa mazoea, gurudumu la mbele likateleza, nami nikajikuta nimelala ubavu, baiskeli ikiendelea na safari peke yake hadi kwenye ukuta wa mawe. Nilichunika nyonga na kiwiko, basi. Kabla hujashuka mlima wowote, tafuta uwanja mtupu, bana kila breki peke yake mara ishirini, au mwombe fundi azibadilishe zifuate mazoea yako.

Mengine ya kushuka ni haya. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado wima, kisha achia breki uingie ukiwa umeweka mguu wa upande wa nje chini na macho yakitazama mahali unapotaka kutokea, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Usiburuze breki mteremko mzima. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, ili rimu zipate kupoa. Baki upande wako hata barabara ikionekana tupu, kwani Jumapili pikipiki hukata kona kana kwamba mlima ni wao. Baada ya mvua tegemea kokoto ndani ya kona, na ukitaka kwenda mabonde ya juu ya Vésubie na Roya, ambako tufani ya Oktoba 2020 ilibomoa barabara na madaraja, hakikisha kwanza kwamba njia iko wazi.

Hali ya hewa nayo hufuata mita. Kila mita 1,000 za kupanda huondoa nyuzi joto kama sita au saba, na mtu aliyelowa jasho anayeshuka kwa kilomita 45 kwa saa husikia baridi kuliko vipimo vinavyosema. Wazee wa mchezo huu waliweka gazeti kifuani chini ya jezi kileleni, nami bado nafanya hivyo ninaposahau kizibao. Katika bonde la Var upepo wa alasiri hutoka baharini kupanda bondeni, kwa hiyo anayerudi Nice saa kumi jioni hukutana nao uso kwa uso, wakati hana tena cha kuupa.

Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu, gramu kama 60 za wanga kwa saa. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, lakini vijiji vingi vina chemchemi. Tafuta maandishi "eau potable", yaani maji ya kunywa, na ukiona "non potable" usijaze chupa. Ukiingia mkahawani salimia kwanza, kisha omba maji: bila "bonjour" utahudumiwa kama mtu aliyeingia uani bila kupiga hodi. Ukirudi mjini salama, tafuta soka, ile chapati nyembamba ya unga wa dengu inayotoka kwenye tanuri la kuni.

Kwa upande wa sheria, visikiza sauti masikioni ni marufuku kwa mwendesha baiskeli, faini ikiwa euro 135. Gari linalokupita nje ya mji linapaswa kukuachia mita moja na nusu. Na nambari ya dharura ni 112.

La mwisho ni njia ya kukatisha safari, ambayo huchaguliwa nyumbani, akili ikiwa timamu. Treni ya pwani inapita Menton kurudi Nice, na reli ya kwenda Breil na Tende inasimama L'Escarène na Sospel, ambako baiskeli hupokelewa nafasi ikiwepo. Reli hii ya pili haina treni nyingi kwa siku, kwa hiyo ukifika L'Escarène piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni kabla hujaanza kupanda Braus.