Intelijensia ya polisi ina tofauti gani na umbea?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kila mara tunasikia polisi wakisema "tumepata taarifa za kiintelijensia", hivi hiyo intelijensia ndo nini hasa? Mi naona ni umbea tu, mtu anampelekea askari maneno halafu mwenzake anakamatwa. Na je, nikitoa taarifa jina langu linabaki salama?

JIBU: Ndugu yangu, hofu yako ina msingi kabisa. Umbea unaingia kweli polisi, ila hautakiwi kutoka ukiwa bado umbea, na hapo katikati ndo kuna kazi yenyewe.

Tuseme mtu anapiga simu anasema kijana wa nyumba ya pili anaficha pikipiki za wizi. Askari anayejua kazi hakimbilii pingu, anauliza kwanza, umeziona mwenyewe au umesikia? Lini? Na huyo kijana mna ugomvi? Halafu anapima vitu viwili mbalimbali, mtoaji na maneno aliyoleta. Kuna mfumo unaitwa 4x4, Europol, yaani shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, wanautumia, mtoaji anapewa A, B au C, au X kama uaminifu wake haupimiki, na taarifa inapewa 1 mpaka 4. 1 ni jambo lisilo na shaka, 4 ni lile ambalo mtoaji hakulishuhudia na hakuna namna ya kulithibitisha. Sasa simu ya mtu asiyejulikana anayesema "nasikia eti" ni X4, inatunzwa lakini peke yake haitoshi kumkamata mtu. Na mtu mkweli kabisa naye anaweza kuleta uvumi, ndo maana hivi viwili havichanganywi.

Baada ya hapo mchambuzi anaiweka pamoja na zingine, pikipiki zinaibwa saa ngapi, upande gani, nani anauza spea, mpaka picha ianze kuonekana na mkuu ajue doria aipeleke wapi na wapelelezi wamfuatilie nani. Hiyo sasa ndo intelijensia, na hata hapo bado sio ushahidi! Polisi anayesema tu "tuna taarifa" halafu hana kitu cha kupeleka mahakamani, kazi yake hajaimaliza, na mimi hilo silitetei.

Kuna kosa lingine halisemwi sana, taarifa kuwepo na isifike. Mwaka 2002 kule Soham, Uingereza, wasichana 2 wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule, na ikaja kujulikana polisi wa Humberside walishapokea tuhuma kadhaa za ngono dhidi yake huko nyuma ila hazikutunzwa wala kupelekwa ipasavyo kwa waliokuwa wanamchunguza kabla ya kuajiriwa. Ripoti ya Bichard ya 2004, ya tume iliyochunguza jambo hilo, ilililaumu sana jeshi hilo la polisi. Inauma kuisoma.

Kuhusu jina lako, utaratibu mzuri ni jina kutenganishwa na taarifa, linabaki kwa watu wachache sana na ripoti inayosambazwa haina jina. Ila angalia, kama jambo unalijua wewe tu na mhusika, taarifa yenyewe itakutaja, kwa hiyo mwambie askari mapema kabisa kwamba hili tunalijua wawili. Na muulize, unanichukua kama mtoa taarifa au kama shahidi? Maana shahidi anaweza kuitwa mahakamani na huko jina kwa kawaida linasomwa.